Zunguka Nyuma Kwanza: Namna ya Kukagua Kiti cha Kioo cha Darubini

Fundi akikuonyesha darubini aliyoiunda mwenyewe, atataka uchungulie Zohali. Usimkatalie, ila kabla giza halijaingia zunguka nyuma ya bomba. Pale chini, pasipopigwa rangi wala kupambwa, ndipo kioo kilipokalishwa, na ndipo utakapomjua fundi.

Umbo la kioo kizuri halitakiwi kupotoka kwa zaidi ya sehemu ya nane ya wimbi la mwanga, yaani nanomita 70 hivi. Unene wa unywele ni kama mara elfu ya hapo. Kwa kipimo hicho kioo si kitu kigumu tena: hupinda kwa uzito wake wenyewe. Ukiongeza kipenyo mara mbili na kuuacha unene vilevile, hupinda mara 16 zaidi. Kwa hiyo kioo cha sentimita 20 chenye unene wa sentimita 3 hukaa vizuri juu ya nukta tatu za kukibeba, ilhali cha sentimita 40 chenye unene wa 4 kwa kawaida huwekewa 18.

Lakini usihesabu nukta ukaridhika. Mtindo wa nukta nyingi ulibuniwa na Thomas Grubb wa Dublin katika karne ya 19, na Lord Rosse aliutumia kubeba kioo cha madini cha sentimita 183 katika darubini yake ya Birr, Ireland, iliyoanza kazi mwaka 1845. Siri yake ni mizani. Katika kiti cha nukta 18 kuna mitaimbo mitatu. Kila mmoja umebeba pembetatu mbili, na kila pembetatu ina nukta tatu. Kila ungio likiwa huru, uzito hujigawa wenyewe. Basi omba ruhusa, na kioo kikiwa kimetolewa, gusa pembetatu moja kwa kidole. Iyumbe bila kubishana. Ikikwama kwa rangi, kutu au skrubu iliyokazwa kupita kiasi, zile 18 ni za kuhesabia tu, na mimi ningechukua tatu zilizo huru.

Uliza pia nukta zimewekwa umbali gani kutoka katikati. Mafundi wa zamani waliziweka kwenye 0.7 ya nusu kipenyo, ili uzito wa ndani ulingane na wa nje. Hesabu za kompyuta, hasa za programu ya Plop ya David Lewis, zimeonyesha kwamba kwa nukta tatu 0.4 hivi ni bora, kwa kuwa sehemu kubwa ya mpindo unaobaki huondoka ukisogeza lenzi ya kutazamia kidogo tu.

Wengi hujikwaa ukingoni. Bomba likiinamishwa kuelekea upeo wa macho, kioo huacha kulala mgongoni na kuegemea ubavu wake. Natafuta maegemeo mawili yaliyoachana kwa nyuzi 90, kila moja nyuzi 45 kutoka sehemu ya chini kabisa, yakikigusa kioo mkabala na kitovu chake cha uzito. Kitovu hicho hakiko katikati ya unene: kwa kuwa uso umechimbika, kimesogea kidogo upande wa mgongo. Maegemeo yakikosea hapo, kioo hujikunja. John Dobson, aliyekuwa akiwaonyesha wapita njia wa San Francisco mbingu kwa darubini zilizotengenezwa kwa vioo vya madirisha ya meli, alitumia ukanda, na ukanda au waya wa chuma bado hufaa sana. Hata hivyo, hufaa kwa darubini inayopanda na kushuka tu. Ile ambayo bomba lake hujizungusha ikifuata nyota inahitaji kushikiliwa pande zote.

Vishikizo vya mbele ni vya kuzuia kioo kisianguke, si vya kukibana. Pitisha kipande cha karatasi chini ya kila kimoja. Kisipopita, utaiona nyota ina pembe tatu. Silikoni ya kukigundisha kioo kwenye kiti siipendi. Ikiwa ya tabaka nene na madoa machache, naivumilia. Ikiwa nyembamba, baridi ya usiku huivuta, nayo hukivuta kioo. Mgongo wa kioo uwe wazi upate hewa. Ubao mzima wa plaiwudi huhifadhi joto na kuifanya picha itetemeke.

Usiku ukifika, itoe nyota angavu kidogo nje ya fokasi. Duara likigeuka duaradufu, kisha upande wa pili wa fokasi likalala kwa kukingama na la kwanza, kuna kasoro. Tia alama ukingoni mwa kioo, kizungushe robo duara ndani ya kiti chake, utazame tena. Duaradufu ikizunguka pamoja na kioo, mlaumu aliyekisugua. Ikibaki palepale, mlaumu aliyetengeneza kiti. Na ikizunguka kila unapoinamisha kichwa, nenda kwa daktari wa macho.