Wafyatua Matofali wa Blantyre

Kila linapotajwa Kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote la Blantyre, nchini Malawi, hutajwa kwanza David Clement Scott, mchungaji wa Kipresbiteri kutoka Uskoti, aliyelisimamia kati ya mwaka 1888 na 1891 bila kuwa amesomea usanifu majengo. Sifa hiyo ni yake, na hakuna wa kumnyang'anya. Lakini likaribie jengo lenyewe, uweke kiganja ukutani, ndipo utakapojua kuwa kuna watu wengine wa kushukuriwa.

Blantyre haikuwa mji wakati huo. Ilikuwa misheni ya mashambani katika Nyanda za Juu za Shire, iliyoanzishwa mwaka 1876 na kupewa jina la mahali alikozaliwa David Livingstone. Wenyeji wa vilima vile ndio waliokuwa vibarua, na ndio waliogeuka mafundi kazini. Wapresbiteri wa Uskoti walizoea makanisa yasiyo na makuu: kuta nne, mimbari, madirisha ya kutosha kusomea. Hapa pakainuka minara miwili, matao juu ya matao, na kuba la kukumbusha makanisa ya Bizanti. Na uzuri wote huo ukatokana na udongo uliochomwa.

Tofali ni kitu rahisi kudharau. Nimewatazama wafyatuaji wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ng'ambo ya ziwa lilelile tunalogawana na Malawi, na sijaona kazi yao ikiwa ya mchezo. Udongo huchimbwa, ukaloweshwa, ukakanyagwa kwa miguu mpaka ulainike wote, usibaki na donge. Ule wa kichuguu hupendwa kwa kunata kwake. Fundi huchovya kalibu majini, au huinyunyizia mchanga, kisha hukata bonge na kulibwaga ndani kwa nguvu ili lijaze pembe zote. Husawazisha juu kwa ubao, halafu huinua kalibu wima kwa mkupuo mmoja. Mkono ukitetereka, pembe imekwenda. Matofali mabichi hufunikwa nyasi, maana jua kali huyapasua. Ndipo hupangwa kuwa tanuri, yakaachiwa njia za moto, yakachomwa kwa magogo usiku na mchana. Hata hapo, yaliyo karibu na moto huungua kupita kiasi na ya pembezoni hutoka hayajaiva.

Hayo ni matofali ya umbo moja. Kanisa la Blantyre lilihitaji maumbo 81.

Nadhani idadi hiyo husomwa haraka mno. Mwashi wa mawe akikosea kidogo huchukua patasi akapunguza. Tofali halimpi fundi nafasi hiyo. La tao linatakiwa liwe jembamba chini na pana juu. La nguzo liwe na mgongo wa mviringo. La ukingo wa dirisha liwe na mteremko wake. Na yote hayo huamuliwa likiwa bado tope. Tena udongo husinyaa unapokauka, ukasinyaa zaidi motoni, kwa hiyo kalibu lazima iwe kubwa kuliko tofali linalotakiwa. Aliyekosea kipimo hugundua tanuri likifunguliwa, kuni zimekwisha na siku zimekwisha. Mfyatuaji wa tofali la tao alitakiwa kuliona tao kichwani kabla halijakuwapo.

Inasimuliwa kwamba kila sehemu ilijaribiwa kwanza kwa kupanga matofali makavu, bila chokaa, wakaitazama, wakaivunja, ndipo wakaijenga. Hapo ndipo ninapouona utukufu wa kazi hii. Sisadiki kuwa mtu mmoja alibuni kila kitu na wengine wakatii tu. Anayepanga tofali kwa mkono wake ndiye wa kwanza kuhisi kwamba halikai, kwamba kiungo kimeachama, kwamba kalibu inataka kurekebishwa. Ujenzi wa namna hiyo hauwezekani pasipo kumsikiliza fundi, na Scott alikuwa mtu wa kusikiliza: mwaka 1892, mwaka mmoja baada ya kanisa kuwekwa wakfu, alichapisha kamusi kubwa ya Kimang'anja, kazi ambayo haifanywi na mtu asiyekaa chini na wenyeji. Heshima hiyo kwa Waafrika ilimgombanisha na walowezi na watawala. Aliondoka mwaka 1898, na mwaka 1901 akaenda Kikuyu, Kenya, kuongoza misheni ya Waskoti. Alifariki hukohuko mwaka 1907.

Ujuzi wa tofali haukuondoka naye. John Chilembwe, aliyepata kusoma katika misheni ya Blantyre, alijenga kanisa lake kubwa la matofali huko Mbombwe, Chiradzulu, likakamilika mwaka 1913. Waumini wake walilijenga wenyewe, pasipo mmishenari Mzungu wa kuwasimamia. Baada ya maasi yake ya mwaka 1915, serikali ya kikoloni ililibomoa kwa baruti. Daktari Daniel Malekebu, aliyelelewa katika misheni ya Chilembwe, alirejea mwaka 1926 akapewa ruhusa ya kuifungua tena, na waumini wakajenga kanisa jipya la matofali mahali pale.