Moyo wa Ukuta wa Murara

Jiwe la Murara, mtaa wa Goma mashariki mwa Kongo, halitaki haraka. Ni jeusi, limejaa vitundu vilivyoachwa na gesi, na kingo zake huchana viganja vya asiyelizoea. Fundi wa Lamu hukata jiwe la matumbawe likiwa bado laini, kisha huliacha hewani hadi ligande na kukomaa. Yeye amepewa nafasi ya kuelewana nalo. Fundi wa Goma hupokea jiwe lililokwisha kuamua umbo lake siku lilipopoa.

Kwa mengi ya mawe haya, siku hiyo inajulikana. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavu wa kusini na lava ikashuka hadi mjini. Ilifunika sehemu ya njia ya ndege uwanjani, ikapita Murara na mitaa ya jirani, ikakata katikati ya mji na kuingia Ziwa Kivu. Watu zaidi ya laki moja walikosa makao. Wengi waliporudi walikuta kiwanja kimelala chini ya mwamba mpya, na mwamba huohuo ndio ukawa kifaa cha kujengea, kwa kila mwenye nyundo na mgongo wa kuuvunja.

Mtazame fundi wa komini ya Karisimbi akijenga ukuta wa uzio. Kabla hajashika mwiko, anazunguka rundo la mawe. Anachagua kwa macho, kisha kwa mguu, akiligeuza jiwe kwa ncha ya buti aone tumbo lake. Uzi umevutwa kati ya vigingi viwili. Makubwa yanakwenda chini. Jiwe refu halilazwi kuonyesha urefu wake kwa wapita njia. Linaingizwa kwa kina, lishike uso wa huku na uso wa kule. Kila jiwe linakalia mawili, ili mshono wa chini usikutane na wa juu. Nyundo ikishuka kwa nguvu mno, jiwe husambaratika vipande visivyo na kazi. Ikishuka kwa woga, hutoa vumbi na kumchosha mpigaji. Kadiri ya pigo haikuandikwa popote. Kijana anayesomba mawe na kuchanganya mchanga na saruji hujifunza kwa kutazama, hadi siku anayoachiwa sehemu ya katikati ya ukuta. Pembeni bado, maana pembe ndiyo inayobeba wima wote. Akikosea, papa fundi hamhubirii. Humwambia "Geuza", na kijana hulitoa jiwe lililokwisha kukaa, akakwangua saruji, akaanza upya.

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Aristotle wa Ugiriki alipotaka kueleza mtu anavyokuwa mwema, mmoja wa mifano yake ya kwanza ulikuwa waashi. Katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako alisema kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na vivyo hivyo huwa mwenye haki kwa kutenda haki, na jasiri kwa kutenda ya ujasiri. Fadhila kwake ni tabia iliyojengeka kwa mazoezi, inayomwezesha mtu kuipata kadiri ifaayo kati ya kuzidi na kupungua, na mwenye nyundo anaielewa kadiri hiyo bila kufundishwa darasani. Lakini aliongeza jambo ambalo wanaomsifu huliruka: kujenga vibaya nako humfanya mtu mjenzi, ila mjenzi mbovu. Kurudia tu hakutoshi. Mtu anaweza kupanga mawe miaka thelathini na kila mwaka akazidi kuharibika. Ndiyo maana yule mzee wa "Geuza" hana mbadala.

Karne ya 20 ilishika njia nyingine. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Jean Piaget alichapisha alichokiona kwa watoto wa Uswisi wakicheza gololi na kubishana juu ya kanuni za mchezo. Lawrence Kohlberg akaendeleza kazi hiyo katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1958. Aliwapa wavulana visa vya mtihani wa dhamiri. Maarufu zaidi ni kile cha Heinz, ambaye mkewe anakufa na dawa inauzwa kwa bei asiyoimudu: je, aiibe? Kohlberg hakujali jibu la ndiyo au hapana, alitafuta sababu. Kutokana na sababu hizo alipanga hatua sita: kuogopa adhabu, kutafuta faida, kutaka kuonekana mwema kwa wenzako, kutii sheria, kuheshimu makubaliano ya jamii, na juu kabisa kufuata kanuni za haki kwa watu wote.

Ni kazi ya maana, na aliyelea mtoto anazitambua zile hatua za chini. Tatizo ni kwamba alichopima ni maneno. Mwaka 1975 Carolyn Edwards alichapisha utafiti wa Kenya uliolinganisha wazee walioheshimiwa kwa kusuluhisha kesi vijijini na wanafunzi wa chuo kikuu. Kwa ngazi za Kohlberg, wazee wengi hawakupanda juu kama wanafunzi. Mimi naona kipimo ndicho kilichopungukiwa. Mtu aliyezeeka akipatanisha ndugu juu ya mpaka wa shamba, unampa visa vya mtihani, kisha unahesabu ufasaha wake?

Turudi kwenye ukuta. Ukuta wa mawe una nyuso mbili, na kati yake kuna moyo. Moyo huo unaweza kujazwa vijiwe, kimoja kimoja, kila kimoja kikisukumwa kwa mkono hadi kikatae kutikisika. Au unaweza kumwagiwa kifusi kwa koleo. Ukuta ukishafungwa juu, kwa nje njia zote mbili huonekana sawa.

Ngazi za Kohlberg ziko hapo, ukizitaka. Yuko anayejaza vizuri kwa kuwa mwenye kiwanja amesimama karibu. Yuko anayetamani kuitwa tena. Yuko anayeogopa mafundi wenzake watamsema, na yuko anayesema mapatano ni mapatano. Wote hao wanamshinda wa kifusi. Aristotle angemtafuta mwingine: yule ambaye mwenye kiwanja ameondoka, jua limekuwa kali, naye bado anasukuma vijiwe, tena kwa raha. Kwa Aristotle, raha hiyo ndiyo dalili kwamba tabia imekomaa. Anayetenda mema huku ananung'unika bado yuko njiani. Ni fundisho gumu, na ningelipinga kama nisingeona mikono ya mafundi wa namna hiyo ikifanya kazi bila kutazamwa.

Katika kitabu cha tano cha Maadili hayohayo kuna rula. Waashi wa kisiwa cha Lesbos walitumia rula ya risasi, laini, iliyopinda kufuata umbo la jiwe. Aristotle aliitaja alipoeleza kwamba sheria husema kwa ujumla, wakati kesi huja na vinundu vyake, hivyo hakimu mwema hurekebisha pale ambapo mtunga sheria hakuweza kuona mbele. Timazi haitupwi, ukuta lazima usimame wima. Ila ndani ya wima huo jiwe linasikilizwa. Wazee wa Edwards, nadhani, walikuwa na rula ya risasi, na mtihani wa hatua sita ulitafuta ya chuma.

Murara imepata mitihani ya aina yake. Nyiragongo ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Matetemeko yaliendelea kwa siku kadhaa, na tarehe 27 wakuu wakaamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe, Murara ikiwamo. Nyumba mjini zilipasuka. Tetemeko haliangalii uso wa ukuta. Linauliza kilichowekwa katikati. Kisha Januari 2025 mji ukaingia mikononi mwa waasi wa M23. Katika hali hiyo mtu wa hatua ya nne, anayetii sheria kwa kuwa ni sheria, anaanza kuuliza ni sheria ya nani. Fundi aliyezoea kujaza moyo wa ukuta hahitaji kusubiri jibu ili aendelee na kazi yake.

Nawe ukipata kiwanja Murara, usimpime fundi kwa uso wa ukuta uliokwisha. Omba kuona kazi anayoifanya kwa mtu mwingine, ukuta ukiwa umefika magotini, saa ambayo mwenye kiwanja hayupo. Inama uchungulie katikati, na umtazame kijana wake anaposahihishwa. Ukiona vijiwe vimekaa na kijana anageuza jiwe bila kununa, mlipe bei anayoitaka.