Barua ya Kifaransa yenye kuvaa koti ya Kiingereza

Wandugu, tuseme kweli. Mtu akitoka chuo hapa Lubumbashi, anajua barua ya heshima: «Monsieur» kule juu, na ile fomula ndefu ya «sentiments distingués» kule chini. Anapata kazi ku mupaka, Mokambo. Mteja wake iko Mufulira, ng'ambo karibu tu, lakini amesoma kwa Kiingereza. Kijana anawaza Kifaransa, anatafsiri neno kwa neno, anatuma barua pepe. Hapo njo mambo inaharibika.

Tukisema «nous demandons», tunaomba. Tukiandika «we demand», tunaamrisha. «Éventuellement» ya kwetu ni labda, ikiwezekana. «Eventually» ya kwake ni mwishowe itafika tu. Wewe unasema mzigo labda utapita. Yeye anasoma kama utapita hata ukichelewa. Analipa lori, anangoja. Baadaye anakuita mwongo.

Hesabu ni mbaya zaidi. Katika Kifaransa koma inatenga sehemu: 1,500 ni moja na nusu. Kwake ni elfu moja mia tano. Andika «tani 1,500 za bunga» uone fakturi itakayorudi!

Hata jina. Sisi tunaanza na jina la ukoo, postnom, halafu prénom mwishoni. Kwao la mwisho njo la ukoo. Usikasirike akikuita «Mr Patrick»: amesoma vile umeandika.

Wengine watasema: basi tuandike kavu, kama Wazungu. Hapana. Mtu wa Mufulira si Mwingereza. Katika Kibemba salamu inatangulia, na «mukwai» ya heshima inaifuata. Barua bila salamu itamchoma sawa vile ingemchoma baba yako. Heshima yetu si nyingi kupita kiasi. Imekaa mahali pabaya. Tunaijaza kule mwishoni, halafu tunakosa kuiweka ndani ya maneno yenye kugusa pesa na siku.

Kwa hiyo: salamu fupi ya kweli. Omba, usidai. Kiasi andika kwa tarakimu na kwa maneno: tani moja na nusu. Kama hauna hakika, sema wazi kama hauna hakika. Jina la ukoo weka mwishoni.

Chuo kilitufundisha kumheshimu msomaji. Kumjua, hiyo ni kazi yetu. Mbele ya kutuma, soma barua yako na masikio ya Mufulira.