Mikono ya Barista

Kyumbi ni njia panda. Anayetoka Nairobi akitaka mji wa Machakos hukata kushoto hapa, na mwenye safari ya Mombasa hunyoosha kuelekea Salama na Emali. Kahawa ya Kenya nayo imeipita njia hii miaka nenda miaka rudi, ndani ya magunia ya kilo 60, ikiteremka bandarini bila kuonjwa na mtu yeyote aliyesimama kando ya barabara. Kaskazini ya hapa, Kangundo, Matungulu na Kathiani, watu wanailima. Wengi wao wamezeeka wakinywa chai.

Kwa hiyo nauona mkahawa wa kisasa hapa Kyumbi, wenye viti vya ngozi na mashine ya espresso inayong'aa, kuwa jambo kubwa kuliko starehe ya msafiri. Wapo wanaonung'unika kwamba bei ya kikombe kimoja ingetosha chakula cha mchana cha watu kadhaa. Ni kweli, na sibishani nao. Lakini asiyetazama mikono ya binti aliye nyuma ya mashine ile hajajua analipia nini.

Asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajahudumiwa, binti huyo, barista wa hapa, hukamua kahawa ya majaribio, anaionja, kisha anaimwaga. Hupima gramu 18 za unga wa kahawa kwenye mizani ndogo, huutia kwenye kichujio cha mashine, husawazisha kwa kidole, halafu hushindilia akiwa amenyoosha kiwiko. Mkono ukiinama kidogo tu, maji yatatafuta upande uliolegea na kupenya huko. Yakifanya hivyo, upande mmoja wa kahawa hukamuliwa kupita kiasi hadi ukawa mchungu, na wa pili hubaki haujatoa kitu. Mashine inasukuma maji kwa shinikizo la takriban mara tisa ya lile la hewa tunayovuta, na kazi yote huisha katika sekunde 25 hadi 30. Kahawa ikitiririka yote kwa sekunde 15, itakuwa nyepesi na chachu. Hapo husogeza mashine ya kusagia nukta moja ili unga uwe laini zaidi. Jua la Ukambani likishika mchana, hurekebisha tena.

"Kahawa haitulii, mzee," aliniambia bila kuinua macho. "Ukiisahau saa mbili tu, imeshabadilika."

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Mombasa hana haja ya kulifikiria. Kyumbi iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Mashine ya espresso hailijali hilo kwa sababu maji yake yamefungiwa ndani ya shinikizo. Lakini anayechuja kahawa kwa karatasi, akiimimina pole pole kwa birika, anajua kwamba huku juu hana sababu ya kusubiri maji yapoe kama vitabu vingi vinavyoagiza. Yakichemka tu, yako tayari.

Kisha maziwa. Hapo ndipo nilipopenda kukaa karibu, maana kazi hii huongozwa na sikio. Bomba la mvuke linapogusa uso wa maziwa hutoa sauti kama karatasi inayochanwa, hewa inaingia. Baada ya muda mfupi binti hulizamisha bomba, sauti inakatika, na maziwa huanza kuzunguka ndani ya jagi la chuma. Kiganja chake kimelishika jagi kwa chini. Joto linapokuwa haliwezi kuvumilika tena mkononi, maziwa yamefika nyuzi 60 na ushei, naye anafunga mvuke. Yakipita 70, utamu wake wa asili hupotea na harufu ya maziwa yaliyochemshwa hutawala. Akiisha kuligonga jagi mezani ili mapovu makubwa yapasuke, huinamisha kikombe, humimina, hutikisa kidogo, na jani linajichora juu ya kahawa. Wengi hudhani jani hilo ni pambo tu. Mimi naliona kuwa ushahidi: maziwa yaliyochemshwa ovyo, yenye povu gumu au majimaji, hayachoreki.

Ufundi huu una ndugu yake mkubwa pwani. Muuza kahawa wa Mji wa Kale wa Mombasa hutembea na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili watu wa barazani wajue amefika. Kahawa yake ni chungu, ina tangawizi na iliki, na huteremshwa kwa tende au kashata. Hana mizani wala kipimajoto, lakini ukimtazama akimimina bila kudondosha tone, unajua kwamba mikono yake nayo imefunzwa miaka. Pwani ilijua zamani kuinywa kahawa kwa adabu. Bara ndiko tulikofundishwa kuilima tu.

Na hata kulima kwenyewe kulikuja kwa masharti. Wamisionari Wafaransa waliipanda Bura, huko Taita, mwaka 1893. Serikali ya kikoloni ikawazuia Waafrika kuilima kwa miongo mingi ili biashara ibaki mikononi mwa walowezi. Ilianza kutoa vibali vichache miaka ya 1930, na mlango haukufunguliwa kwa upana mpaka mpango wa kilimo wa serikali hiyo, Mpango wa Swynnerton, wa mwaka 1954. Mkulima akaingia katika kazi ambayo kwake ilikomea kwenye mizani ya kiwanda cha ushirika. Kuikaanga, kuisaga na kuionja kulikuwa mambo ya watu wa mbali. Mikahawa ya Java House ilipofungua mlango wake wa kwanza pale Adams Arcade, Nairobi, mwaka 1999, Wakenya wengi ndipo walipoanza kuona kahawa yao ikikamuliwa mbele ya macho yao.

Hesabu moja imenikaa moyoni. Gramu zile 18 ni punje kama 140 zilizokaangwa, na tunda moja la kahawa kwa kawaida hubeba punje mbili. Kikombe kimoja basi ni matunda 70 hivi, na kila moja limechumwa kwa vidole, likiwa jekundu, kisha likachambuliwa tena juu ya gunia ili mabichi yasiingie. Barista akishindilia vibaya, kazi ya mikono yote hiyo inamwagika katika nusu dakika. Akishindilia vyema, unapata ule uchachu mtamu wa zambarau ambao mibuni ya aina ya SL28, iliyoteuliwa hapa Kenya katika Maabara ya Scott miaka ya 1930, imeupatia sifa duniani.

Nilimuuliza binti kahawa ile imetoka wapi. Aligeuza mfuko, akausoma mbele na nyuma. Uliandikwa Kenya, basi. "Ningependa kujua na mimi," alisema, na nikaona anamaanisha. Mikahawa inayotutoza bei ile inaweza kabisa kuandika ukutani jina la kiwanda, chama cha ushirika na msimu wa mavuno, kisha ikawapeleka mabarista wake Kangundo siku moja ya uchumaji, na kuwaalika wachumaji waje Kyumbi kuonja.