Etha Badala ya Maji: Jinsi Artemisinini Ilivyoziduliwa Majanini

Kuzidua, kwa maana ya kitaalamu, ni kuitenga kemikali yenye uwezo wa kutibu na nyuzi, rangi na nta za mmea, na katika kazi hiyo uamuzi mzito kuliko yote ni wa kiyeyushi, yaani kimiminika kinachopenya jani na kutoka na kemikali hiyo. Uzito wa uamuzi huo ulidhihirika Beijing mwaka 1971, wakati kikundi cha Tu Youyou, chini ya mradi wa siri ulioitwa 523 kwa sababu ulianzishwa tarehe 23 Mei 1967, kilipokuwa kikisaka dawa ya malaria iliyokuwa sugu kwa klorokwini.

Mmea wa qinghao, ambao wanabotania huuita Artemisia annua, ulikuwa umekwisha kujaribiwa na kukaribia kuachwa, kwa kuwa maji yake yaliyochemshwa hayakutoa matokeo ya kutegemewa. Kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, ndicho kilichotia shaka juu ya moto wenyewe, kwani humo mgonjwa huelekezwa kuloweka konzi ya qinghao majini, kuikamua na kunywa maji yake, pasipo jiko kutajwa.

Hivyo ikachaguliwa etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Majani yaliyotengwa na mabua yalilowekwa humo, mchujo ukavukizwa kwa joto dogo, kisha masalio, ambayo bado yalikuwa na sumu, yakaondolewa sehemu yenye asidi. Sampuli namba 191 ya sehemu iliyobaki, isiyo asidi wala besi, iliangamiza vimelea vyote katika panya wa maabara tarehe 4 Oktoba 1971.

Masimulizi mengi hulipa joto dogo sifa yote, ilhali hiyo ni nusu tu ya jibu. Fuwele safi za artemisinini, zilizopatikana mwaka uliofuata, huyeyuka kwenye nyuzi 156 hadi 157, jambo linaloonyesha kwamba kemikali hii si dhaifu mbele ya moto kama inavyosemwa. Tatizo lake kubwa ni kwamba haiyeyuki majini ila kwa kiasi kidogo mno. Hukaa pamoja na mafuta katika vitezi vidogo vilivyo juu ya ngozi ya jani, na etha, ambayo huyeyusha mafuta kwa urahisi, huifikia mara moja.

Etha nayo hushika moto haraka, na mvuke wake, katika vyumba vya Beijing visivyopitisha hewa vizuri, uliwadhuru baadhi ya watafiti, kwa hiyo viwandani nafasi yake kwa kawaida imechukuliwa na heksani. Artemeta iliyomo katika dawa mseto ya ALu, inayojulikana katika zahanati za Tanzania, hutengenezwa kutokana na artemisinini, ambayo kilo nzima ya majani makavu hutoa gramu chache tu.