Kikombe cha Antiokia

Bwana Gustavus Eisen, katika kitabu chake cha mwaka 1923, alidai ya kuwa bakuli la fedha lililomo ndani ya Kikombe cha Antiokia ndilo alilonywea Bwana wetu usiku ule aliotolewa. Bakuli halina nakshi, na ganda la nje limepambwa kwa mizabibu. Basi, asema, la ndani ni masalio matakatifu. Hoja hii hatuikubali. Nani atiaye nakshi kitu kitakachofunikwa? Leo chombo chahesabiwa kuwa cha karne ya 6, tena yamkini ni taa, si kikombe. Hata hilo jina la Antiokia lina shaka: wengine hukihusisha na kanisa la Mtakatifu Sergio, kijijini Kaper Koraon katika Shamu, ambako watu walitoa vyombo vya fedha kuondoa nadhiri zao, wakaandikisha na majina yao juu yake.