Seli za Pua, Mkono wa Mpasuaji

Neva za kunusa hufa na kuota upya maisha yetu yote. Zikiota, hazipotei njia ya kwenda kwenye ubongo, kwani kuna seli maalumu zinazozikumbatia na kuzifungulia mlango. Mwingereza Geoffrey Raisman alizitambua seli hizo mwaka 1985, na hakuziacha tena. Ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo ukikatika hauungi, maana kovu huziba njia. Je, wafungua mlango hao wakihamishiwa mgongoni? Mwaka 1997 yeye na wenzake walionyesha kuwa panya waliopandikizwa seli hizo waliweza tena kunyoosha mguu wa mbele na kuchukua chakula.

Kutoka kwa panya hao hadi upasuaji wa mwaka 2012 ilipita miaka kumi na mitano, na hapo ndipo ninapomvulia kofia Pawel Tabakow, daktari wa upasuaji wa Wrocław, Poland. Mgonjwa wake alikuwa askari wa zimamoto aliyechomwa kisu mgongoni mwaka 2010, akapooza kuanzia kifuani kwenda chini. Mwaka 2012 Tabakow alifungua fuvu, akatoa kinundu kimoja kati ya viwili vya kunusa vilivyo chini ya ubongo. Maabara ikazikuza seli zake kwa takriban wiki mbili, zikafika kama 500,000 tu, tone dogo la majimaji.

Kisha mgongo ukafunguliwa. Chini ya hadubini alilitoa kovu, akabaki na pengo la milimita 8. Seli zile hazimwagwi pale kwa mkupuo. Alizichoma kidogokidogo kwa sindano nyembamba mno, karibu mara 100, juu na chini ya jeraha, katika nyama laini ambayo mtikisiko mdogo wa kidole ungeiharibu zaidi. Mwisho akalaza vipande vinne vya neva kutoka kifundo cha mguu viwe daraja.

Baada ya miezi kama mitatu paja la kushoto lilianza kujaa misuli. Baadaye mgonjwa alipiga hatua akishika vyuma, miguu ikiwa imefungwa vishikizo. Mazoezi yake yalikuwa ya saa tano kwa siku, siku tano kwa wiki, na kabla ya upasuaji mazoezi ya miezi mingi hayakuwa yamemsogeza. Huyo ni mgonjwa mmoja, na watafiti wengine wana haki ya kudai wengi zaidi kabla ya neno tiba kutamkwa. Raisman alifariki mwaka 2017, akiwa bado anaitafuta idadi hiyo.